Siti ya Kunyoosha Miguu

Kukaa tu. Ndicho nilichotakiwa kulipia, kukaa. Si kufika mapema, si kula vizuri zaidi, maana chakula ni kilekile cha kwenye kibakuli. Kukaa, ila miguu ikiwa imenyooka. Mwanangu aliponieleza kwa simu nilikuwa nachambua mchele barazani kwangu, hapa Morogoro mjini, nikamwambia hebu rudia. Akarudia. Kwenye ile ndege ndefu, ya kutoka Uarabuni mpaka Kanada anakoishi, kuna safu iliyo kwenye mlango wa dharura. Mbele yake hakuna siti nyingine, ni uwazi mtupu. Anayetaka kukaa pale anaongeza hela juu ya nauli.

Nauli angelipa yeye na mumewe. Mimi nikasema hiyo nyongeza nitaitoa mwenyewe, kwa sababu sipendi mkwe wangu anione kama mzigo unaolipiwa kila kona. Kosa langu ni kwamba nililisema hilo kwa sauti, na mume wangu alikuwa pale pale anasikiliza redio. Akapunguza sauti ya redio.

Kabla sijaendelea, nieleze kwa nini miguu yangu ilikuwa na umuhimu wote huo. Mwanangu alikuwa na mimba ya pili. Kwetu, binti akijifungua, mama yake ndiye anayemkanda. Unachemsha maji, unachovya kitambaa, unakamua, unamkanda mgongo, kiuno na mapaja, asubuhi na jioni. Unamfunga tumbo kwa kanga. Unampikia uji wenye pilipili manga mpaka jasho limtoke. Si kazi ya kukaa hiyo. Unainama, unanyanyuka, unabeba ndoo. Na mimi nimefundisha jiografia sekondari tangu nikiwa msichana mpaka nastaafu, nimesimama mbele ya ubao miaka yote hiyo, na miguu imeniambia wazi kwamba imechoka. Nikikaa mahali pamoja muda mrefu huku nimeikunja, inavimba.

Mara ya kwanza, kwa mjukuu wa kwanza, nilisafiri kwenye siti ya kawaida, katikati, magoti yamegota mgongo wa aliye mbele yangu. Sikunyanyuka kwa sababu niliona haya kuwasumbua majirani. Nilifika Kanada viatu vimenibana hadi mkwe akanivua kwa nguvu. Nilikuwa na miguu ya mtu mwingine. Ukibonyeza kwa kidole, panabaki shimo. Nikalazwa kwenye kochi, miguu juu ya mito. Na nani alinichemshia maji? Mwanangu, mzazi mbichi, ametoka kujifungua juzi, amepiga magoti kwenye zulia ananikanda mimi. Nilijaribu kumkataza, akaniambia mama tulia. Mkwe wangu, kijana mwema asiyejua mambo yetu, akaona ni picha nzuri ya upendo, akachukua video na kuirusha kwenye kundi la familia la WhatsApp.

We acha tu. Mdogo wangu wa kiume, anayekaa Mkuyuni, ndiye aliyejibu wa kwanza. Akaandika: "Samahani, nani kajifungua hapo?" Watu wakacheka kundi zima, kuanzia Mkuyuni mpaka Dar. Mpaka leo kuna shangazi mmoja akiniona anauliza, "Mzazi, hujambo?" Mimi nacheka nao kwa sababu nifanye nini, lakini ndani naungua. Maana mwanangu hakukandwa. Alinyonyesha, akanikanda mimi, akapika. Kiuno kinamuuma mpaka leo, na kila akilalamika kwenye simu naona ni mimi niliyekiumiza.

Kwa hiyo siti ile haikuwa anasa. Ilikuwa ni swali moja: nitafika nimesimama, au nitafika nikandwe tena?

Lakini jaribu kumweleza mtu hivyo. Mume wangu alisema, "Mwalimu, hiyo hela ni tangi la maji." Hatukuwa na tangi, kweli, tulikuwa tunahangaika na ndoo kila maji yakikatika. Siku ya pili nikakuta ameshapima mahali pa kuliweka, nyuma ya jiko, ameweka na matofali. Tangu hapo hakusema tena nyongeza, alisema tangi. "Umeamua nini kuhusu lile tangi?" Kana kwamba ni mimi ninayetaka kulipakia tangi lake kwenye ndege na kulikalia.

Mdogo wangu naye akapiga simu. Kwake ilikuwa mabati. Nyumba ya mama yetu kule mlimani inavuja upande wa jikoni, na dada, kwa akili yako tu, unaweza ukalala usingizi umenyoosha miguu angani huku mama anakinga matone kwa sufuria? Nikamwambia sifanyi safari ya kulala. Akasema basi kaa siti ya kawaida ununue dawa ya kuchua. Hasira zikanipanda mpaka nikakata simu, halafu nikampigia tena kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza.

Shida ni kwamba alikuwa na haki ya kusema. Hela yenyewe ilitoka kwenye karafuu, na karafuu ziko kwenye shamba la lukolo, yaani ukoo wa mama. Sisi Waluguru ardhi inapita kwa mama, na mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Mdogo wangu ni mjomba wa binti yangu. Nilimlea mgongoni, nilimfuta makamasi, lakini kwenye kikao cha ukoo yeye ndiye anayekaa mbele na kukohoa kidogo kabla ya kuongea. Akasema jambo hili haliishi kwenye simu, njoo nyumbani tuliongee.

Nikaenda. Kutoka Mkuyuni unapanda kwa miguu, njia ya udongo mwekundu, na kama mvua imenyesha unapanda hatua mbili unateleza moja. Nilipofika, miguu ilikuwa mizima kabisa. Mlima haujawahi kunivimbisha hata siku moja. Ningetakiwa kulifikiria jambo hilo siku ileile, lakini nilikuwa nimekasirika, na mtu akikasirika hafikirii miguu yake.

Mama yetu alikuwa ameketi kwenye kigoda anaanua pilipili manga kutoka kwenye mkeka. Ni mzee sana sasa, mdogo wa mwili, na hapendi maneno marefu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Mdogo wangu akakohoa kidogo, akaeleza habari ya siti kwa namna ambayo mimi mwenyewe nilianza kujiona mjinga. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kukaa nako kunalipiwa?" akaniuliza.

"Kunalipiwa, mama."

"Mimi nimekaa bure siku zote."

Mdogo wangu akacheka, akafikiri ameshinda. Mama akaendelea kukusanya pilipili zake. Kisha akauliza, "Mara ile ulimkanda, hukumkanda?" Alijua jibu, alikuwa ameonyeshwa ile video na wajukuu. Nikasema sikumkanda. Akasema karafuu zile alizipanda yeye kabla mjomba hajaota meno, na bati lake linavuja upande ambao yeye halali, kwa hiyo kelele za nini. "Nenda na hela yako. Lakini safari hii usije ukakandwa wewe."

Akanifungia pilipili manga kwenye kitambaa, nyingi kuliko ambazo mzazi yeyote angemaliza. Mdogo wangu alinisindikiza mpaka Mkuyuni. Alipoagana nami akasema, "Haya dada, basi ukalikalie vizuri hilo bati." Ndivyo alivyo.

Nikalipa. Mwanangu akanitumia picha ya mchoro wa ndege, siti yangu imewekewa alama ya kijani. Nilikuwa naiangalia kila nikikumbuka. Mume wangu akayatoa matofali nyuma ya jiko, moja moja, taratibu, ili nimwone.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Nilipopanda treni ya umeme kwenda Dar, mwanangu alikuwa na siku kadhaa tangu ajifungue, ananisubiri bila kukandwa. Tukapita Ngerengere, nikainyoosha miguu chini ya siti ya mbele, nikajiambia hii ni mazoezi tu, raha yenyewe inakuja.

Uwanja wa ndege Dar, kwenye foleni ya kukabidhi mizigo, akaja dada mmoja amevaa sare, anasukuma kiti cha magurudumu. Akasema shikamoo mama, akataja jina langu lote. Nikamwambia amekosea mtu, mimi natembea. Akaangalia simu yake, akasema kiti kimeombwa kwa jina hilo. Nikampigia mwanangu hapo hapo. Akasema, "Mama, ni mimi. Nilijua ungekataa. Ni ili usipotee tena pale Uarabuni." Kweli mara ya kwanza nilipotea pale, nilizunguka na begi mpaka nikakaribia kulia, na ndege ilibaki kidogo iniache. Tena akasema wazee wote wanaombewa kiti, watoto wa kila mtu huko Kanada wanafanya hivyo, si kwamba mama zao hawawezi kutembea, ni ili washikwe mkono.

Nikakaa. Na nisidanganye, nilifurahi. Foleni yote ile ya watu wenye mabegi tukaipita pembeni. Watu walinipisha, wakaniita mama. Kwenye ukaguzi nikapitishwa mbele. Nilipofika Uarabuni akanipokea mwingine, akanisukuma kwenye korido zile ndefu zinazong'aa, nikawaona wenzangu wanahangaika kusoma vibao, nikawaza: kumbe starehe nyingine ni za bure, na mimi nimekwenda kuuza karafuu za ukoo mzima.

Kwenye mlango wa ndege ile ndefu mhudumu aliangalia tiketi yangu, akaangalia kiti cha magurudumu, akaangalia tiketi tena. Akasema kwa Kiingereza cha upole kwamba mama, huwezi kukaa hapo.

Nikamuuliza kwa nini, nimelipia. Akasema safu ya mlango wa dharura ni kwa mtu mwenye uwezo wa kuufungua ule mlango na kuwasaidia wengine kutoka. Abiria wa kiti cha magurudumu haruhusiwi kukaa pale, ni sheria. Nikasimama. Nikamwonyesha. Nikatembea mpaka kwenye ukuta na kurudi, mbele ya watu wote waliokuwa wanasubiri kuingia. Akasema anaona, lakini kwenye orodha yao imeandikwa nahitaji msaada. Nikasema huo ni wasiwasi wa mwanangu, si ugonjwa wangu. Nikasema nimepanda mlima wa Uluguru juzi tu. Sijui kwa nini nilidhani Uluguru ungemtisha. Akatabasamu, akasema habari ya hela nitaomba nirudishiwe baadaye kwenye mtandao. Nimeomba. Bado nasubiri.

Wakanipeleka nyuma, kulikobaki nafasi. Katikati. Kushoto baba mmoja mnene aliyelala kabla ndege haijaruka, kulia kijana aliyeziba masikio. Magoti yangu yakagota mgongo wa siti ya mbele, palepale, kama vile yalikuwa hayajaondoka tangu safari ile ya kwanza. Nilitaka kulia. Si kwa ajili ya siti. Nilimwona mwanangu kwenye zulia, amepiga magoti, na mdogo wangu anaandika kwenye kundi.

Taa ya mikanda ilipozimwa tu, nikasimama. Sikuwa na mpango wowote, ni hasira, sikuweza kuikalia siti ile. Nikampita kijana, nikaenda nyuma kabisa karibu na pazia wanapopangia chakula, nikasimama pale nimekunja mikono. Mhudumu akaja akaniomba nirudi nikakae. Nikamwambia nyinyi mmesema siwezi kutembea, sasa nataka kuona nani mkweli. Akaniacha.

Nikatembea mbele kwenda kuitazama siti yangu. Wakati huo alikuwa ameshawekwa mtu pale, mama mmoja mfupi sana, miguu yake haikufika hata sakafuni. Inaning'inia. Uwazi wote ule mbele yake, karafuu zetu, bati la mama, tangi la mume wangu, na yeye hana hata mguu wa kuunyoosha. Nikasonya, nikarudi nyuma. Baada ya muda nikaenda tena kuhakikisha kwamba bado haifiki. Haikufika. Nikarudi.

Ndivyo nilivyosafiri. Wakituambia tukae kwa sababu ya misukosuko, nilikaa. Taa ikizimwa, nilisimama. Na muda wote huo nilikuwa namwandalia mwanangu maneno. Niliyapanga kama nilivyokuwa napanga somo. Ningeanza na salamu, halafu ningemuuliza kwa utulivu ni nani alimwambia mama yake ni mgonjwa. Ningemweleza habari ya kikao, ya mjomba wake kukohoa, ya bibi yake na pilipili. Ningemalizia kwa kumwambia kwamba wema wa kumficha mtu si wema. Hiyo ya mwisho niliipenda, nikairudia mara nyingi nikiwa pale kwenye pazia.

Tulipotua waliniletea kiti kingine cha magurudumu. Nikamwambia aliyekileta akikalie mwenyewe. Nikatembea mpaka nje, mkwe wangu akanipokea, na njia nzima kwenye gari nilikuwa kimya, nayatunza maneno yangu yasimwagike.

Mlango ulipofunguliwa, mwanangu hakuwa kitandani. Alikuwa amepiga magoti kwenye zulia lilelile, mbele ya kochi, na mbele yake kulikuwa na beseni linafuka moshi. Pembeni chumvi na taulo limekunjwa. Amevaa kanga, tumbo halijafungwa, uso umepauka. Akasema, "Shikamoo mama. Kaa hapa kwanza, kabla hujamwona mtoto." Akapapasa kochi.

Nikakaa, kwa sababu miguu ya kubishana iliniishia. Akanivua viatu. Vilitoka vyenyewe. Akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo changu, kama alivyokuwa akifanya siku zile, akakiondoa, akasubiri. Halikubaki shimo. Akabonyeza mguu wa pili. Hata mimi nilishangaa, maana hasira zangu hazikuwa zimenipa muda wa kuitazama miguu yangu mwenyewe. Ilikuwa miguu ya kawaida ya mama mtu mzima, mikavu, yenye mishipa yake.

Akainua uso, machozi yanamtoka. "Mama, ile siti," akasema. "Ilifaa, eeh?"

Maneno yangu yote yalikuwa kinywani. Nilianza hata kuvuta pumzi. Nikamtazama pale chini, mzazi wa siku chache, ameshindwa kunyooka vizuri, amechemsha maji kwa ajili yangu kwa mara ya pili.

"Ilifaa sana," nikasema. "Haya, inuka hapo. Lete hicho kitambaa. Maji yatapoa."

Nikamkanda. Nilipogusa kiuno chake alilia kwa sauti, kilio ambacho wote wanaokandwa hulia, na ambacho nilikuwa nimemkosesha mara ya kwanza. Nilimkanda asubuhi na jioni mpaka pilipili za mama yangu zikaisha. Niliporudi Morogoro mdogo wangu aliniuliza kama bati lilikuwa na raha, nikamwambia lilikuwa na raha kupita kiasi. Mume wangu pia nilimwambia hivyo. Uongo ukishamwambia mmoja inabidi uwatembelee wote.

Sasa mwezi uliopita mwanangu amepiga simu. Ana mimba nyingine. Amesema safari hii nisitoe hata senti, nisiuze karafuu, nisihangaike na mjomba, kwa sababu yeye na mumewe wameshapanga kila kitu kama mara ile, kwa vile mara ile nilifika salama. Wamelipia siti ileile ya mlangoni. Na kiti cha magurudumu wameomba pia.

Nilikaa na simu sikioni muda mrefu. Akauliza, mama, upo? Nikasema nipo, asante mwanangu, Mungu awabariki.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi naamka, navaa raba, napanda mlimani mpaka jasho linitoke. Majirani wanadhani daktari ameniambia nipunguze uzito. Nikifika juu sikai. Nasimama nimekunja mikono, naitazama Morogoro yote chini yangu, nafanya mazoezi.